Fundi Anayesikiliza kwa Taya

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, ni kiziwi. Nalisema wazi kwa sababu yeye mwenyewe hakubali na hataki kuambiwa. Kazi yake ni kutengeneza redio. Mimi nakaa kona ya meza yake, natengeneza pasi na birika za umeme. Watu wanamwita Mawimbi, jina alilojipa enzi zile alipoweza kuisikia spika mbovu kutoka ng'ambo ya barabara.

Sikio la kulia lilianza kumtupa miaka mitatu iliyopita. Mwenye akili angekwenda hospitali. Yeye akatangaza kwamba redio za siku hizi hazina sauti, ni plastiki tupu. Jirani muuza viatu akilalamikia kelele, ana roho mbaya. Mteja akiziba masikio, anashauriwa aende akapimwe. Kumbe wagonjwa ni mtaa mzima isipokuwa yeye! Nyani haoni kundule.

Halafu akagundua taya. Siku moja aliinama, akaegemeza taya lake juu ya redio, akafumba macho, akatabasamu. Mtikisiko ulikuwa unampanda mfupani. Badala ya kuona haya, akaanzisha elimu. "Fundi wa kubahatisha anatumia masikio," anawaambia wateja. "Fundi kamili anasikiliza kwa mfupa." Na wajinga hawaishi duniani. Mwalimu mmoja mstaafu, msomi wa watu, alileta redio nzima kabisa ili tu ipimwe kwa taya. Nilicheka mpaka nikajichoma na chuma cha kulehemu.

Lakini mkwaruzo haukamatiki kwa taya. Redio alizozimaliza zilikuwa zinachachatika kama mafuta ya moto. Basi akienda kunywa chai, mimi nazifungua tena, nazinyoosha, nazirudisha mahali pake. Akirudi anaziwekea taya. "Unaona, shemeji? Mkono haujazeeka." Mzee mpumbavu.

Wiki iliyopita dada alikuja pale kazini, jambo asilolifanya kamwe. Daktari wa masikio alikwishampangia mumewe siku mara mbili. Mara ya kwanza Mawimbi alikuwa na kazi nyingi, mara ya pili kulikuwa na mawingu. Dada akamshika bega, akamgeuza, akasema polepole mbele ya uso wake.

"Baba watoto, kesho twende. La kulia limeshakwenda. La kushoto nalo linafuata; nimemweleza daktari, anasema huenda bado linaokoleka, ila tusichelewe."

"Mimi nina shida gani? Na hospitali zenyewe hizi, unakwenda na sikio unapewa dawa ya tumbo."

Sizitaki mbichi hizi.

"Jana mjukuu wako kalia mpaka sauti ikamkauka," dada alisema. "Wewe uko naye kitanda kimoja, unasoma gazeti!"

Mawimbi aliokota bisibisi, akaifuta kwa shati. Kisha akasema, "Watoto wa siku hizi hawalii kwa nguvu."

Nikaangua kicheko. Nilicheka peke yangu.

Dada akanigeukia. "Na wewe mdogo wangu, unashinda naye hapa. Mbona hakuna mteja hata mmoja anayerudisha redio?"

"Watarudishaje?" nikasema kwa majivuno. "Si nazirekebisha mimi, akienda chai."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Miaka mitatu."

Dada alikaa kwenye kigoda cha wateja. "Kwa hiyo miaka mitatu unamthibitishia kwamba ni mzima."

"Nilikuwa namsitiri, dada." Nilivyolitamka, nilijiona mtu mwema kabisa. Chumba cha kazi kimeandikishwa kwa jina la Mawimbi, na siku akifunga, pasi zangu sijui nitazipeleka wapi. Hilo sikulisema.

"Mnasemaje?" Mawimbi aliuliza.

"Mwambie," dada alisema. "Wewe atakuamini."

Nikamsogelea, mdomo wangu mbele ya uso wake. Ilikuwa sentensi moja tu.

"Nasema redio ya mwalimu anakuja kuichukua kesho!"

"Si unasikia, mama?" Mawimbi akamwambia mkewe. "Kesho sina nafasi." Akaivuta redio ya mwalimu, akaiwekea taya, akafumba macho. Taratibu akaanza kutabasamu.

Redio ilikuwa haina umeme. Dada aliuona waya wake uliolala chini, kisha akanitazama mimi, machozi yakimlenga. Niliinama chini ya meza, nikauchomeka.