Jumbo ya Baba Mdogo Ebenezeri

Baba yangu mdogo, Ebenezeri Nkya, ndiye aliyenifundisha kuhesabu, na alinifundisha kwa magurudumu ya ndege. "Doris, jumbo ina magurudumu mangapi?" Kumi na nane, Baba Mdogo. "Injini?" Nne. "Na hizi zinazokuja siku hizi?" Hapo sikutakiwa kutaja namba, nilitakiwa kusonya tu. Nilisonya vizuri kuliko watoto wote wa Machame.

Alianza kazi KIA mwaka sabini na moja uwanja wa ndege ulipofunguliwa, akiwa kijana ambaye hata treni hajaipanda. Kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya ndege iliyokwisha kutua, vibao viwili vyekundu mikononi, na kumwonyesha rubani: njoo, njoo, kata kidogo, simama. Ndege nyingine aliziongoza kama mtu anayetimiza kazi. Jumbo aliiongoza kama mchungaji anayetoa baraka, taratibu, mikono imenyooka. Siku za jumbo watu walishuka kutoka milimani wamevaa nguo za kanisani, wakajaa ukumbi wa juu kutazama tu, bila msafiri wa kumpokea. Siku moja nilibebwa mabegani na mtu nisiyemjua, nikamwona baba yangu mdogo kule chini, mdogo kama punje ya kahawa, na lile dude lenye nundu linamtii. Nilijivuna mpaka jioni yake nikapata homa.

Mkewe, Mama Mdogo Elinipendo, alikuwa akiwaambia wanawake wenzake sokoni kwamba yeye ameolewa uke wenza. "Mwenzangu ana magurudumu kumi na nane," alisema. "Mimi miguu miwili tu, tena mmoja una baridi yabisi. Nitashindana naye wapi?" Baba Mdogo alicheka, hakukanusha.

Halafu jumbo zikapungua. Mashirika yaliona zinakula mafuta mno, yakaleta ndege za injini mbili. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imeachiwa huru, madukani vitu vimejaa, na sisi tunaolima tunapunguzwa kila upande: kahawa ilipunguzwa bei mpaka watu wakaanza kuing'oa wapande nyanya, na wafanyakazi nao wakapunguzwa. Mwaka tisini na nne Baba Mdogo alipewa barua ya kupunguzwa kazi, akarudi kwenye kihamba, lile shamba la urithi, akashika kisu cha kupogolea. Mkono ulikuwa kwenye kahawa, sikio liko angani. Ndege ikipita juu ya migomba alisimama kidogo, akasikiliza, akasema, "Mbili," akaendelea kukata. Miaka mitatu mizima sikumsikia akisema "nne". Nilimwonea huruma, na huruma yenyewe niliificha kwenye utani kama walivyofanya wote. Kijiji kizima kilimwita Mzee Jumbo.

Mwaka tisini na saba ikaja moja. Haikuleta watu, ilikuwa ya mizigo, imechoka, rangi imebanduka. Ilitua na injini mbovu, ikasogezwa pembeni kwenye majani isubiri vipuri. Vipuri havikuja, maana kampuni yenyewe ilifilisika huko kwao Ulaya, na marubani wakapanda ndege ya watu wakaenda zao. Jumbo ikabaki.

Baba Mdogo alirudiwa na ujana. Kila Jumamosi alishuka uwanjani. Walinzi walimfahamu, wakamwachia apite. Alitoa viota vya ndege kwenye midomo ya injini, akaziba kwa magunia. Alifuta matairi. Alipanda ngazi akakagua kila dirisha. Nilikuwa nimeshakuwa mwalimu wa ufundi katika shule moja hapa Machame, na mara nyingine niliandamana naye. Tulikaa chini ya bawa, tukala ndizi za kuchemsha, akanieleza habari za jumbo alizoziongoza, moja moja, kama mtu anayekumbuka harusi alizohudhuria. Sikuwahi kumwona mtu ametulia namna ile. Mimi pia nilitulia, sioni haya kusema.

Miaka minne ilipita hivyo. Kisha, Oktoba ya mwaka elfu mbili na moja, ikaja kampuni ya vyuma chakavu. Ndege imeuzwa, itakatwakatwa.

Baba Mdogo hakula siku mbili. Mimi nilikwenda kumwona meneja wa kampuni ile, kijana mpole kutoka Tanga aliyefanya kontena kuwa ofisi. Nilimwomba kichwa cha ndege kwa ajili ya shule: chumba cha marubani, vioo, saa zote za vipimo, wanafunzi wajifunzie humo. Hakusita. "Mwalimu, kichwa kwangu ni kazi tu kukikata. Niletee barua yenye mhuri wa shule kabla ya Ijumaa jioni, nikiache. Jumamosi tunaanza." Mkuu wetu wa shule, Mwalimu Efraimu, aligonga mhuri siku ileile. Lakini kidato cha nne walikuwa kwenye mtihani wa taifa, nami nilikuwa msimamizi, siruhusiwi kutoka. Barua nikampa Baba Mdogo aipeleke Alhamisi.

Aliipeleka mpaka mlangoni. Njiani, mpakani mwa kihamba chetu, alikata kitu kingine.

Kwa asiye wa huku, isale ni ule mmea wa majani marefu tunaopanda mipakani. Mtu aliyekosa kosa kubwa akitaka msamaha huchukua isale, akampelekea aliyemkosea. Maneno mengi hayahitajiki. Ukilipokea lile jani, umesamehe, na mambo yameisha. Kulipokea halafu ukaendelea na kisasi ni jambo ambalo sijawahi kulisikia, wala baba yangu hakuwahi kulisikia.

Baba Mdogo alisimama mbele ya meza ya meneja, akalitoa kwa mikono miwili. "Mwanangu," akasema, "nimeleta hili kwa ajili ya ile ndege. Kama imekosa kwa kuzeeka, isamehe." Kijana akasimama kwa heshima, akalipokea kwa mikono miwili. "Asante sana, mzee wangu. Nimefurahi mno."

Jambo lilikuwa limekwisha. Barua ilikuwa mfukoni mwa koti, na Baba Mdogo akaona aibu kuitoa. Mtu amekusamehea ndege nzima, wewe unatoa karatasi kuomba kichwa chake? Ni kumwambia humwamini. Akaaga, akapanda mlima akiimba.

Jioni nilimkuta uani, kibuyu cha mbege, pombe yetu ya ndizi, kimejaa. "Imesamehewa, Doris," akasema. "Yote. Mpaka mkia."

"Na barua?"

"Barua ya nini tena? Amepokea isale!"

Hapa ndipo ninapojichukia. Nilikuwa mtu mzima, nimesoma chuo, nimefundisha watoto wa watu kutoka kila mkoa. Nilijua yule kijana ametoka Tanga. Sikujiuliza hata swali moja. Nilisikia neno isale, moyo ukatulia, nikakaa kwenye kigoda nikanywa mbege. Ijumaa nzima nilisimamia mtihani nikitabasamu peke yangu.

Jumatatu mtihani ulipomalizika tulishuka pamoja kuitazama. Tuliona moshi wa mitungi ya gesi ya kukatia vyuma kabla hatujafika getini. Jumbo ilikuwa imekaa kwa tumbo, na mbele, pale ambapo nundu ilikuwa, palikuwa wazi. Nyaya zilining'inia. Walianza na kichwa kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu na barabara ya malori. Baba Mdogo alisimama, mikono imenyooka pembeni. Nilikimbilia kwenye kontena.

"Shikamoo mzee, karibuni," meneja alisema Baba Mdogo aliponifuata ndani. "Mwalimu, mbona mlibadili nia? Nilikaa hapa Ijumaa mpaka saa kumi na moja, nasubiri barua. Jumamosi nikawaambia vijana wasubiri tena mpaka saa nne. Nikasema basi, shule imekosa mahali pa kukiweka." Mezani kulikuwa na chupa ya soda yenye maji, na ndani yake jani letu. "Lako hilo, mzee. Nimelitunza. Limeipendezesha ofisi."

Nilifungua mdomo. Baba Mdogo akanishika mkono, kwa nguvu ambayo sikujua anayo.

"Asante, mwanangu," akamwambia. "Kazi njema."

Nje alinisihi. "Usimweleze. Hajakosa chochote. Ukimweleza ataondoka na mzigo maisha yake yote. Niahidi." Nikaahidi, na ahadi hiyo nimeitunza. Lakini hasira nilizokuwa nazo zilitaka mahali pa kwenda. Tulipofika nyumbani, mbele ya Mama Mdogo, mbele ya majirani waliokuja kusikia habari, nilimwambia kwamba hakuna aliyeiua ile ndege ila yeye. Nilisema ni ushamba wake. Nilisema kichwa tulikuwa nacho mkononi, tena bure, akakitupa kwa jani. Nilisema watu kama yeye ndiyo maana walipunguzwa kazi. Neno hilo la mwisho nililisema mara mbili.

Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Alitoa barua mfukoni, akaninyooshea, akaingia ndani.

Sasa ni miaka minne. Baba Mdogo yu hai, ana miaka hamsini na minane, na anatembea kama wa themanini. Ndege ikipita hainui kichwa, na ukimuuliza ni injini ngapi anasema hakusikia. Mama Mdogo ameacha kumtania. Mimi nampelekea mkate na sukari kila Jumapili baada ya ibada, tunasalimiana vizuri, tunaongea habari za ng'ombe.

Sijamwomba msamaha. Kwetu maneno niliyomwambia mzazi hayaombewi msamaha kwa mkate, yanataka isale, na masale yamejaa pale mpakani, hatua kumi kutoka mlango wangu. Mara mbili nimekwenda na kisu. Mara zote mbili nimemwona akilini atakavyolitazama lile jani mikononi mwangu, nikarudi ndani bila kukata.