Shangazi Roberta na Injini ya Ghalani

Shangazi Roberta ameendesha basi la shule hapa Wabash mpaka anabeba watoto wa watoto aliowabeba zamani. Bega lake la kulia limeliwa na ule mkono wa kufungulia mlango wa basi, vuta sukuma kila kituo. Hasemi linauma, lakini siku hizi anachana nywele kwa mkono wa kushoto.

Mumewe, Lyle, alipofariki alimwachia gari lake la michezo, Corvette nyekundu ya mwaka sitini na tisa, isiyo na usukani wa pawa; kuukata ni nguvu za mikono tu. Injini yake, ya aina ndogo iitwayo bloku ndogo, ilikuwa imechoka, inakunywa oili kama ina kiu ya Ramadhani. Ama ifunguliwe ifanywe upya, ama itolewe. Baba yangu, Dwight, ambaye ni mdogo wa shangazi, alikuwa na injini ya bloku kubwa imelala ghalani kwetu chini ya turubai, akaamua hiyo ndiyo zawadi.

Kila Jumapili baada ya kanisa, kuku na viazi vikiwa mezani, alimsomea sifa zake: nguvu, mngurumo, watu watakavyojazana boneti ikifunguliwa kwenye maonyesho ya magari mjini. Shangazi akamjibu kuwa wembamba wa reli, treni inapita.

"Dada, gari lile na bloku ndogo ni fahali mwenye sauti ya mbuzi."

"Mbuzi anapita kona, Dwight."

Alichotaka shangazi ni kuliendesha mwenyewe kwenye barabara ya mtoni, yenye kona nyingi, ambako Lyle alimpitisha miaka yote, yeye akikaa tu kiti cha pembeni. Baba, kwa wema tu, alishasema likimshinda ataliendesha yeye.

Basi shangazi akauliza ile kubwa inaizidi ndogo kwa uzito gani. Baba akanitazama, akasema kama huyu hivi. Nikaacha kutafuna. Baba akataka nikalie pua ya gari tujaribu. Shangazi akasema mwili wa gari lile ni faiba, si chuma, hakuna makalio yatakayokaa pale.

Tukatoa boneti, tukafunga kwa mikanda, juu ya fremu ya mbele, mifuko minne ya chumvi ya kulainishia maji, yenye uzito kama wangu. Shangazi akalipeleka gari taratibu kwenye uwanja mtupu wa kanisa. Kushoto alikata vizuri. Kulia, karibu na nguzo ya taa, nilimwona akiutoa mkono wa kulia kwenye usukani, akaulaza mapajani, akamalizia na wa kushoto. Akasimamisha, akashuka.

"Utazoea, dada," Baba akasema.

"Nimeshazoea vingi, Dwight. Hiki kilikuwa cha kufurahia."

Baba akachukua zamu. Akaingia, akazunguka uwanja mara moja, akarudi anajifuta shingo. Akaanza kufungua mikanda mwenyewe.

Majira yote ya baridi alikuwa gereji kwa shangazi, akiifanya upya ile ndogo.

Mwezi Mei, kwenye maonyesho, bwana mmoja akachungulia chini ya boneti, akasikitika: kumbe ni ndogo tu.

"Kubwa iko ghalani kwangu, inanizibia njia," Baba akamwambia. "Njoo na trela uichukue, kaka."

Shangazi akafunga boneti, akasema yeye anakwenda mtoni. Baba akaingia kiti cha pembeni. Kona ya kwanza tu, kabla hawajapotea machoni, nilimwona Baba kaushika mlango kwa mikono miwili.