Mama Picha na Wakunga Kumi na Mmoja

Mtaani walimwita Mama Picha. Miaka ishirini na sita alisafisha filamu katika kichumba chenye pazia jeusi nyuma ya studio yake, na hofu haikumwacha: kamera aliikagua mara tatu, na akishafika njiani hurudi kukagua jiko.

Hospitali ilipotaka picha za wakunga kumi na mmoja wanaostaafu, nyeusi na nyeupe, kila moja kimo cha mlango, alipewa nafasi ya kujaribu. Akachukua kamera ndogo aliyoizoea na filamu kali, ile inayonasa hata penye mwanga mdogo, akaisafisha kama marehemu baba yake alivyomfundisha: mpaka ikolee. Kwa kuchapa kwenye karatasi, filamu iliyokolea ni mali. Lakini hospitali ilizikuza picha kwa skana ya kompyuta, na kwa skana ilikuwa balaa. Sare ziliungua zikawa weupe mtupu, nyuso zikajaa chembe kama zimemwagiwa mchanga. Mganga mkuu akamwambia kwa upole kwamba akishindwa tena, watatafuta mtu mwingine.

“Wifi, zama zako zimepita,” dada wa mumewe akamtania. “Funga studio, tukalee wajukuu.”

Maneno yalimchoma. Lakini hakwenda kulia, alikwenda kwa karani wa kompyuta wa hospitali, akakaa kando ya skana asubuhi nzima akiitazama kama anayemchunguza mkwe mpya. Akaona kwamba filamu ndogo mashine inaisoma kwa taabu, na penye weusi mzito, kama zile sare nyeupe ambazo kwenye filamu hugeuka nyeusi, haipenyi kabisa.

Akatoa kabatini kamera kubwa ya baba yake, ile nzito ya kutazamia kwa juu, yenye picha kumi na mbili tu kwa filamu. Akachagua filamu ya polepole, inayotaka mwanga mwingi lakini yenye chembe laini. Ilikuwa imebaki moja. Kwa hiyo mkunga mmoja tu aliruhusiwa kufumba macho.

Akaisimamisha kamera kwenye miguu mitatu, akaifungua lenzi iingize mwanga zaidi ya alivyozoea. Akaikagua mara tatu, kisha ya nne.

“Mama, tulia,” mkunga mkubwa akamwambia. “Vuta pumzi. Usisukume bado.”

Wote wakacheka, naye akapiga.

Kwenye dawa aliitoa filamu dakika mbili kabla ya wakati, ingawa mkono wake wote ulikataa. Ikatoka hafifu kama chai ya maji ya pili. Wifi akaiinua dirishani, akatikisa kichwa, akampa pole kabisa.

Skana ikapita. Karani akaikuza picha ya mkunga mkubwa, akaikuza tena. Sare ilikuwa nyeupe, na bado mishono yake ilihesabika. Uso ulikuwa mweusi, na kila kunyanzi lilikuwa mahali pake. Karani akainuka, akaenda kumwita mganga mkuu.

Mganga akainama mbele ya kioo cha kompyuta. “Kazi ni yako, mama,” akasema. “Zote kumi na moja.”

Siku ya kuzitundika, wifi alisimama mlangoni akiwaeleza wageni ambao hawakumuuliza.

“Siri ni kuitoa mapema kwenye dawa,” alisema. “Sisi watu wa filamu tunajua.”

Mama Picha alimwacha aseme. Siku hiyo hakurudi kukagua jiko.