Nilimwambia Mama Sauti Yake Ni Nzito

"Mwanangu, kwani kila neno la mwanamke linafaa kuandikwa na mwanawe wa kiume?"

Mama aliniuliza hivyo kwa simu, yeye akiwa nyumbani kwetu Palma, Msumbiji, mimi nikiwa Mtwara. Nilicheka tu, nikamwambia salio linaisha, nikakata. Wallahi, nilicheka!

Nimekosa. Nalisema mapema ili usije ukanitafutia udhuru. Jina langu niachieni, lakini kosa ni langu.

Nilivuka mto Rovuma pale Namoto, mpakani, baada ya Idi, nikaenda Mtwara kwa kazi ya mkataba, kazi ya kutafsiri Kireno. Nilikwenda na laini yangu ya nyumbani. Ilishika mtandao wa kule, ndiyo, lakini intaneti yake ilikuwa ya kukutoa machozi. Maandishi yanapita kwa kuchechemea. Picha, labda. Audio ndiyo kabisa! Unaibonyeza, kiduara kinazunguka, kinazunguka, mwishowe unaambiwa ujaribu tena.

Na mama yangu alikuwa mtu wa audio. Kurani aliisoma bila kukwama, lakini herufi za shule hakuzijua. Kila alichotaka kuniambia alikisema kwa sauti, maana kupiga simu kuvuka mpaka kulimaliza salio kabla salamu hazijaisha.

Binamu yangu Zuhura, niliyefikia kwake, alinishangaa.

"Sajili laini ya hapa. Paspoti na alama za vidole, basi."

"Vidole vyangu wanavitakia nini?"

"Wakavipike mchuzi! Wewe hata chumvi ukipewa unauliza imetoka wapi."

"Nauliza kwa sababu nyinyi hamuulizi."

"Haya, kaa na kiduara chako. Kitakuoa."

Nilijiona mjanja. Chuo kilinifundisha kuhoji kila kitu, nami nikahoji kweli: kampuni za simu, serikali, hata mtandao wa ofisini sikuutumia, nikisema unachungulia simu za watu. Sikuwahi kujihoji mwenyewe: ujanja wangu huu unamuumiza nani?

Audio za mama zikajazana, hazifunguki. Siku moja nilikuwa nimechoka, nikamwandikia kaka yangu Sumaila, anayekaa nyumba moja na mama na kutumia naye simu hiyohiyo. "Mwambie mama aache audio. Sauti yake nzito, rede, mtandao wa huku, haiwezi. Akiwa na neno akuambie wewe, uniandikie." Kisha nikazifuta zote zilizokuwamo, ili simu ipumue.

Tangu hapo nikawa napokea maandishi safi ya Sumaila. Mama anakusalimu. Mama mzima. Mama anauliza utarudi lini. Nikajibu, kazi ikiisha. Nikaona tatizo limekwisha! Mara mojamoja audio bado iliingia. Niliifuta bila hata kuitazama, nikinung'unika, "Huyu mama hasikii."

Ndugu unayenisoma, mama alikuwa na uvimbe kwenye titi.

Angemwambiaje Sumaila aandike hilo? Mwanamume, tena wa kumzaa mwenyewe! Na kwenye kituo cha afya, muuguzi ni kijana aliyeletwa kutoka kusini, Kiswahili hakijui, na mama Kireno alikuwa hakijui. Alihitaji mwanamke wa damu yake aingie naye mle ndani, amshike mkono, amsemee. Binti alikuwa naye mmoja tu. Na binti huyo alikuwa Mtwara, akiwatafsiria watu baki.

Nilirudi Maulidi ilipokaribia. Mama alinipokea mlangoni, kanga imemlegea mabegani. Akaniingiza chumbani, akafunga mlango, akafunua kifua. Nikapiga ukelele.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia."

"Lini?"

"Kwenye simu. Ukasema sauti yangu nzito."

Hakusema kwa hasira. Laiti angekasirika!

Tulikwenda Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, si kile kisiwa. Njiani, pale Awasse, kwenye kizuizi cha wanajeshi, tulikalishwa muda mrefu tukisubiri njia ifunguliwe, mama ameniegemea begani. Hospitalini nilisema Kireno changu chote, kile kizuri, cha chuo. Daktari akanisikiliza, akampima, kisha akaniuliza kwa upole mbona tumechelewa hivi.

"Anasemaje?" mama akauliza.

"Anasema utapona."

Mimi niliyekuwa nikilipwa kwa kutafsiri sawasawa, hapo nilitafsiri uongo. Mama akanitazama, akasema, "Alhamdulillahi," kwa sauti ya mtu anayemwonea huruma mwenzake.

Rajabu haikumkuta.

Baada ya mazishi nilizitafuta zile audio kama mwendawazimu. Kwangu zilishakwenda. Kwenye simu yake hazikuwamo, kumbe alikuwa akizifuta kila akishatuma, Sumaila asije akazisikia. Nikamuuliza Sumaila kama aliwahi kuhisi lolote. Akasema, "Dada, mimi niliandika nilichoambiwa," akatoka nje, akalia peke yake. Sikuwa na uso wa kumfuata.

Nikapita njia ya Tungue, jirani na kwetu, siku hiyo nikiomba nisikie japo "mwanangu" moja. Watu wakanipa pole. Hakuna aliyejua ninachokililia hasa, na sikuthubutu kuwaambia. Ndiyo maana nakwambia wewe.

Nyinyi mlio ugenini na mtandao wa kuchechemea, sajilini laini ya huko. Azimeni simu ya jirani, kaeni kwenye baraza la hoteli ya watu muombe intaneti, tembeeni mpaka mpate pa kuifungulia. Lakini mzazi akikutumia sauti yake, usimtume kwa mtu mwingine aandikiwe. Huwezi kujua anachokificha kwa huyo mwandishi. Ukitaka kuhoji, ihoji kwanza haraka yako.

Mwezi uliopita aliniita jirani yetu, Bi Shuwea. Mama alikuwa amemwapisha asiseme, naye akaona amana hiyo imemshinda. Ndiye aliyekuwa akikaa na mama uani wakati anarekodi. Akaniambia kwamba baada ya ule ujumbe wangu, mama alidhani uzito ni wingi wa maneno, akawa anayapunguza, kila audio fupi kuliko iliyotangulia, ili ipite. Ile ya mwisho niliyoifuta ilikuwa na neno moja tu: "Njoo."