Jicho la Kupimia

Mtaani walimwita Rula, na jina lilimkaa. Huyu seremala alikuwa na futi kamba mfukoni, lakini ilishikwa na kutu humo humo. Yeye alipima kwa macho. Mteja akitaka kabati la kuingia kati ya mlango na dirisha, Rula alitupa jicho mara moja tu, akaenda kukata mbao, na kabati likaingia bila kubana wala kucheza. Kisha alinyanyua ubao usawa wa uso, akafumba jicho la kushoto kuangalia kama umenyooka, akajigamba, "Hili moja tu linanitosha!"

Bora angenyamaza. Kipande cha msumari kiliruka kikalipasua hilo jicho la kushoto, siku alipokuwa akitengeneza kitanda cha mjukuu wake wa kwanza, ambaye bado alikuwa tumboni. Jeraha lilipopona, Rula alirudi karakanani kifua mbele. Jicho moja si lipo? Nyundo ya kwanza ikatua kwenye kidole gumba. Ya pili vilevile. Nyumbani akamimina chai mezani, pembeni ya kikombe, mkewe akimtazama asijue acheke au alie.

Mkewe akampeleka kwa daktari wa macho, ambaye alimpa kalamu mbili, akamwambia agusanishe ncha. Zikapishana. Akarudia, zikapishana tena.

"Mzee, kila jicho huona picha yake," daktari alisema. "Mama, hebu inua kidole. Fumba jicho hili, halafu fumba lile."

"Kumbe kinaruka!" mke akacheka, kisha akakishusha kidole haraka, aibu imemshika.

"Ubongo unalinganisha picha hizo mbili, ndipo unajua kitu kiko karibu au mbali. Mzee sasa ana picha moja."

"Mbona ubao nilikuwa nautazama kwa moja?"

"Unyoofu unaonekana kwa moja. Umbali ndio unataka mawili. Utazoea pole pole."

"Pole pole mpaka lini? Mtoto anakuja mwezi ujao!"

Rula akarudi kazini. Aliharibu mbao zote alizoziweka akiba kwa ajili ya kile kitanda, na mwishowe kikamaliziwa na fundi wa ng'ambo ya barabara, yule yule ambaye Rula alizoea kumcheka kwa kupima kila kitu mara tatu. Rula aliumia kuliko alivyoumia siku ya msumari. Akajiliwaza kwamba kumshika mtoto hakuhitaji nyundo.

Binti yake alipoleta kichanga, nyumba nzima ilisimama. "Haya baba, mpokee mjukuu wako."

Rula alifuta mikono kwenye shati, akainyoosha. Akaona mtoto ameshafika, akaikunja. Ilikumbatia hewa, na binti alikuwa ameshaanza kuachia. Mke ndiye aliyemdaka mtoto kwa chini.

Mtoto akaangua kilio. Alipotulia, Rula aliketi kwenye kiti, akaweka mikono yake magotini, viganja juu.

"Basi niwekeeni hapa. Sinyooshi mkono tena. Niwekeeni tu."

Binti akambana mwanawe kifuani, akarudi nyuma. "Amelala, baba. Baadaye."

Rula hakuweza kujua amerudi nyuma hatua ngapi. Lakini alimwona mtoto vizuri kabisa, kifuani kwa mama yake, amemkodolea babu macho yote mawili.