Jina Alilolitaja Tabu

Tarehe 9 Machi 2022, daktari wa watoto alimweleza Tabu jambo lililokwisha thibitishwa na sayansi: ipo jeni inayouwezesha mwili kuipokea homoni ya ukuaji, na jeni hiyo ikiwa na hitilafu, kiumbe hubaki mfupi, awe binadamu au kuku.

Tabu, mzaliwa wa Mtoni na mfugaji wa kuku, aliuliza, "Kwa hiyo hakubemendwa?"

Mwanawe Suleiman alikuwa na umri wa miaka sita na kimo cha mtoto wa miaka miwili. Tangu akinyonya, Bi Nusaiba, mama mkwe wa Tabu na pia shangazi yake, alikwisha toa hukumu: mtoto amebemendwa, mama amelala na mwanamume wa nje hali ananyonyesha. Tabu alikana. Alimpeleka Bi Nusaiba bandani, ambako mitetea ya jogoo wake mfupi ilikuwa ikikua na ufupi uleule.

"Na hawa, shangazi, nani kawabemenda?"

"Usinifanyie mzaha, mwana wa kaka yangu. Kuku hana ndoa."

Wakaenda kwa mganga. Dawa ya kumwogesha mtoto ilikuwa tayari katika beseni, ila haishiki mpaka mama ataje mwanamume. Suleiman alikuwa amelegea mapajani. Tabu akamtaja Salumu, muuza samaki aliyekwisha hamia Lindi, asije mtu akapigwa bure. Hakuwahi hata kumpa mkono.

Mtoto akaogeshwa. Juma lile lile Jabiri, mumewe, akampa talaka. Suleiman hakurefuka.

Sasa daktari alitaka damu ya watu watatu, isafirishwe pamoja kwenda kupimwa nje ya nchi: ya mtoto, ya mama na ya baba. Hitilafu hiyo kwa kawaida hurithiwa pande zote mbili, na Tabu na Jabiri walikuwa wajukuu wa babu mmoja.

Tabu alimfuata Jabiri gereji.

"Mie niliongopa siku ile. Nilitaka dawa ishike."

"Ulitaja kwa kinywa chako, mama akisikia."

"Damu kidogo tu, Jabiri. Mwanao huyu."

"Kachukue ya Salumu. Mabasi ya Lindi yapo."

Mafundi wenzake wakaangua kicheko.

Bi Nusaiba naye alikataa kumsihi mwanawe. "Nikisema ni damu," alijibu, "basi nimesema ubovu umo katika damu ya baba yangu."

Daktari akakubali kuanza na damu ya mama na mtoto. Asubuhi ya siku ya miadi, Suleiman hakuamka. Alizikwa alasiri. Jabiri alisimama safu ya nyuma. Walioshuka kaburini kumpokea mtoto ni kaka zake Tabu.

Mtoni wapo wanaomwita Suleiman hadi leo mtoto wa Salumu. Damu ya mtoto haikuchukuliwa. Kama alikuwa na hitilafu ile, haijulikani. Na kilichomuua hakijulikani.