Chupa Mbili za Dafroza

Mimi nafuga nyuki, mizinga kumi na minne nyuma ya jiko. Mke wangu Dafroza alilima maharage. Miaka arobaini na moja ya ndoa. Nilidhani namjua.

Wiki mbili kabla ya misa ya kutimiza mwaka tangu afariki nilifungua sanduku lake, nikakuta chupa mbili za marashi. Yenye picha ya waridi naijua. Alijipaka Juni na Julai, baridi ya Njombe ikiuma, akienda kanisani. Ya pili ina maua meupe madogo. Hiyo sikuwahi kuinusa. Na ilikuwa imebaki robo.

Mwanamke anamnukia nani, kama si mumewe?

Nikakumbuka jambo. Miezi ya joto alikwenda Makambako kila Alhamisi kuuza maharage. Akirudi, haingii nyumbani. Anapita kwanza mtoni, anaoga, anabadili kitenge. Niliona, sikuuliza. Kwenye misa ilinibidi nisimame niseme alikuwa mke mwema. Uongo kanisani sikuutaka.

Nikapanda gari hadi Makambako, kwa mdogo wake Feliciana, muuza mitumba. Nikaiweka chupa juu ya nguo zake.

"Hii ilikuwa ya nini?"

"Shikamoo, shemeji. Au msiba umekula na salamu?"

"Marahaba. Ya nini?"

Akafungua, akanusa. "Asumini ya dada."

"Alijipaka kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili ya jua. Waridi ni zito, kwenye joto na vumbi hili linatia kichefuchefu. Lile la baridi na kanisa. Asumini nyepesi, ya sokoni na harusini."

"Na kuoga mtoni? Alificha nini?"

Feliciana akaweka chini gauni alilokuwa analikunja. "Shemeji, kwako unafuga nini?"

"Nyuki."

"Mwaka ule katoka harusini ananukia, nyuki wakapanda hasira, wakawauma nyote wawili. Ukamwambia siku nyingine akija na maua mwilini atalala nje. Umesahau?"

Nilikuwa nimesahau. Yeye hakusahau. Julai nyuki wamejikunyata mzingani, waridi halikuwa na shida. Miezi mingine alioga kwa ajili yangu.

"Ulikuwa unamdhania nini dada yangu?" akauliza.

Nikauliza, "Jumamosi kwenye misa nijipake ipi?"

"Oktoba hii? Asumini. Na usijimwagie yote, umezoea kunuka moshi."

Jumamosi nilijipaka shingoni, kidogo. Padri aliponipa nafasi nikasimama. Nikasema Dafroza alikuwa mke mwema. Nikakaa.

Nikirudi nilipita mtoni. Maji yalikuwa baridi. Nikaoga, nikabadili shati, ndipo nikaingia nyumbani.